Betri za nyuma za gari ya kulala hazichaji tukiwa njiani: miezi sita ya kutafuta

Tulikuwa tumeshapita Gamba tunaelekea Witu, ndo taa ya friji ikageuka kutoka kijani ikawa nyekundu ikaanza kumetameta. Nikamwambia kakangu hebu angalia ile saa ndogo ya volti ya betri za nyuma, akainama akatazama, akanyamaza kidogo, afu akasema, dada, inasoma 11.2. Nikamwambia haiwezekani. Tumetoka Malindi alfajiri, injini haijazimwa tangu tuvuke Sabaki, betri zenyewe nimenunua mpya mwezi wa sita, altaneta, ile mashini ya kwenye injini inayochaji betri, imefunguliwa ikatengenezwa majuzi tu, sasa hiyo 11.2 inatoka wapi? Na ndani ya friji hiyo mlikuwa na insulini ya mamangu, chupa za akiba, maana tulikuwa tunampeleka Amu, yaani Lamu, kwa Maulidi na tumepanga kukaa siku kumi.

Tukasimama Witu. Nikanunua chupa nne za maji yaliyoganda dukani, nikatoa kikapu cha samaki kikavu, nikapanga chupa chini, nikaweka leso mbili zilizokunjwa juu yake, ndo nikaweka insulini, maanake insulini haitakiwi iguse barafu, ikiganda imeharibika na hata ikiyeyuka hairudi kuwa dawa. Mikono ilikuwa inanitetemeka. Mamangu ametulia kwenye kiti chake, anavuta uradi, akaniambia mwanangu endesha gari, dawa iko salama, Mungu yupo. Nikaendesha mpaka mji wa Hindi sijasema neno.

Naandika haya kwa sababu najua hapa pwani tumeanza kuwa wengi wenye gari za namna hii, za kulala, za safari za Tsavo, wengine wanabeba samaki na friji ya betri, na shida hii ya betri za nyuma kutochaji gari ikitembea nimeisikia kwa watu watano sita na kila mmoja ameanza kwa kununua kitu. Mimi mwenyewe nilianza kwa kununua kitu.

Gari yetu ni HiAce ya zamani ya dizeli, ilikuwa ikibeba abiria Malindi na Mombasa, tukaing'oa viti tukaweka kitanda, sinki, jiko la gesi, friji ya stima ya betri na feni mbili. Tunakodisha kwa wageni, wengi Waitalia, wanaotaka kuingia Tsavo Mashariki kwa lango la Sala ama kwenda kulala Marafa waone magenge ya Nyari yakibadilika rangi jua likizama. Mbele kuna betri ya stata kama gari yoyote. Nyuma chini ya kitanda kuna betri mbili za ampia-saa 100 kila moja, hizo ndo za friji na feni na taa. Katikati kuna rilei, yaani switchi inayofunga na kuachia yenyewe, na kazi ya hiyo rilei ni kusikiliza volti tu: zikifika kama 13.3 inajua injini imewaka na altaneta inatoa, basi inafunga, stima inapita kwenda nyuma kuchaji. Injini ikizimwa volti zikashuka 12.8 inaachia, ili usilale na feni usiku kucha ukaamka gari haiwaki. Juu ya paa kuna sola moja ya wati 100.

Sasa hiyo sola ndo iliyonificha mambo. Yaani gari iliacha kuchaji ikitembea mwezi wa tatu, leo ndo najua ni mwezi wa tatu, lakini mwezi wa tatu hapa Malindi jua ni kali hujapata kuona, sola ilikuwa inajaza peke yake na mimi naona betri ziko sawa nasema alhamdulillah. Ikaingia masika, mawingu wiki nzima, wageni wawili wakarudi kutoka Sala wananiambia friji ilizima usiku wa pili, nyama imeoza. Nikaomba radhi nikawarudishia pesa zao. Nikadhani ni friji.

Hesabu yake si ngumu na ningeifanya mapema ningejua. Friji kama yangu ikiwa inanguruma inakula ampia kama 4, na kwa joto letu inanguruma zaidi ya nusu ya siku, weka ampia-saa 50 kwa siku nzima. Betri za asidi hutakiwi kuzimaliza, ukishatumia nusu unazidhuru, kwa hivyo katika zile 200 zangu za kutumia ni 100, siku mbili basi. Siku mbili bila jua na bila kuchajiwa na injini ndo mwisho wake. Wageni waliniambia usiku wa pili. Jibu lilikuwa mle mle kwenye malalamiko yao ila sikulisikia.

Fundi wa kwanza alifungua kitanda, akaweka mita kwenye betri, akasoma 11.9, akamwambia kakangu, bosi, hizi zimekufa. Alimwambia kakangu, si mimi, na gari ni yangu. Hakuwasha injini. Hakupima mbele. Nikanunua mbili mpya, zaidi ya shilingi 30,000 ziliondoka siku hiyo, na kwa vile betri mpya zinakuja zimejaa, siku mbili tatu mambo yakawa mazuri kabisa na mimi nikamshukuru. Fundi wa pili, wiki kadhaa baadaye, akasema altaneta imechoka haiwezi kubeba betri tatu. Ikafunguliwa, ikabadilishwa kaboni na beringi, 7,000. Yeye naye hakupima altaneta inatoa ngapi kabla ya kuifungua. Siwalaumu kwa ubaya, wote ni watu wa kazi na walitaka kunisaidia, lakini pesa zile zilikuwa za ada ya shule na ziliuma.

Kulikuwa na kitu kingine. Tangu mwezi wa nne hivi nilikuwa nasikia chini ya kiti cha abiria kitu kinagonga, tak, kinakaa kidogo, tak. Tak. Tukiwa barabarani tu. Nilidhani ni ngazi ya mlango ama kopo la jeki. Nilishazoea.

Tulifika Mokowe saa nne za asubuhi. Gari haivuki, inabaki pale bara, watu na mizigo wanaingia boti kwenda Amu. Kwenye gati alikuwa ametungoja Ami, binamu wa marehemu babangu, ni fundi wa mashini za boti miaka yote, mikono yake haitoki weusi wa grisi hata siku ya Idi. Mamangu akamwambia habari ya friji kabla sijafungua mdomo. Ami akamwambia kakangu ampeleke mama nyumbani na dawa ziende kwenye friji ya jirani, afu akaniambia, wewe baki mwanangu, fungua boneti, nataka nikuonyeshe, wewe ndo utaendesha hii gari si mimi.

Kitu cha kwanza alichofanya kilinishangaza. Akaniuliza ile sola iko wapi, akasema ifunike. Nikapanda nikatandaza leso ya mamangu juu ya kioo, nikaishika pembe mbili kwa mawe. Akasema sasa ndo tutapima altaneta peke yake, jua likiingia kati utasoma volti za jua ukadhani ni za injini.

Betri ya mbele, injini imezimwa: 12.6. Za nyuma: 11.6. Nikawasha injini. Mbele ikapanda 14.1 papo hapo. Ami akasema altaneta yako nzima. Nikamwambia nimeitengeneza juzi. Akasema sijui kama ilikuwa mgonjwa. Nyuma: 11.7. Yaani mbele kumejaa mto na nyuma hakufiki hata tone.

Afu tukakaa kimya tusikilize. Tak. Kidogo. Tak. Ami akainua kidole, akacheka kwa furaha kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa. Akasema hiyo ndo rilei yako inakuambia na wewe humsikii. Tukafungua chini ya kiti, ile rilei ina kitaa kidogo, kinawaka kinazima, kinawaka kinazima pamoja na ile tak. Akaweka mita kwenye mguu wa rilei unaotoka mbele. Rilei ikiwa imeachia, 14.1. Ikifunga tu, zinaanguka mpaka 12.4, inaachia, zinapanda tena 14.1, inafunga. Siku nzima, safari nzima, Malindi mpaka Mokowe.

Akanieleza hivi: stima ikiwa haitembei, hata waya uliokatika ukabaki unywele mmoja utasoma volti kamili. Ukiiambia sasa tembea, beba mzigo, ndo unaona pale palipoziba. Ndo maana wale mafundi wenye taa ya testa wanagusa, taa inawaka, wanasema stima iko. Iko ndiyo, lakini haina nguvu ya kwenda popote. Kati ya betri ya mbele na rilei kuna kitu kimoja tu, fyuzi. Akaigusa kwa nyuma ya kidole akarudisha mkono. Moto.

Fyuzi yenyewe ilikuwa nzima. Hilo nataka lieleweke, maana mimi nilishaitazama zamani nikaona kale kachuma hakajakatika nikafunga. Kilichoharibika ni kile kinyumba chake. Tulipokitoa, plastiki upande mmoja imeyeyuka ikawa kama nta, na vile vikucha vinavyoshika fyuzi vimeota ule ukutu wa kijani kama rangi ya kasa, ukikwangua unadondoka unga. Ni chumvi. Sisi gari inalala mita 200 kutoka pwani, kila wiki inapita Gongoni na Marereni kwenye mashamba ya chumvi, upepo wa kusi unaileta ndani ya kila tundu. Ami alikuwa na vinyumba vya fyuzi vya boti, vile vya kufunika na mpira na kukaza kwa nati, akanifungia kimoja. Akakata kichwa cha waya kilichooza akatafuta shaba inayong'aa, akabana kichwa kipya.

Tukawasha. Rilei ikasema tak, mara moja, ikanyamaza. Taa ikabaki imewaka. Wallahi nilitaka kulia. Adhana ya adhuhuri ikawa inatoka, Ami akaanza kukusanya vitu vyake, na akiwa anafunga sanduku akaniambia neno ambalo sikulipa uzito: kwenye boti ya faiba mwanangu hakuna chuma cha kurudisha stima, kila waya unaokwenda lazima umwekee na wa kurudi, kwa hivyo sisi hupima pande mbili. Huku kwenu kwenye magari mnapima chanya tu, hasi mnaiachia bodi. Hebu ukifika nyumbani ipime na hasi yako. Nikasema inshallah, nikawa nishaingia botini akili iko kwa mamangu.

Maulidi ilikuwa ya kheri, mamangu aliketi na wenzake kwenye msikiti wa Riyadha siku zote bila kukosa, sukari yake ikakaa vizuri. Nisiende mbali.

Kurudi sasa. Tumetoka Mokowe betri za nyuma ziko 12.0, maana gari ilikuwa imeegeshwa chini ya mti siku zote hizo na sola haikupata jua la kutosha. Nikasema haya, kwa masaa manne ya barabara itakuwa imepanda. Rilei imetulia, haigongi. Witu, 12.1. Minjila, 12.3. Tukiingia Malindi, 12.4. Inachaji ndiyo, lakini kama mtu anayemimina maji kwenye mtungi kwa kijiko. Na kuna pahali barabara ina matuta, kila tukiruka tuta kakangu anasema dada imeshuka, dada imerudi. Hapo ndo neno la Ami likanirudia.

Kesho yake sikumwita fundi yeyote. Nikaenda mjini nikanunua mita yangu mwenyewe, ya shilingi 1,200, ile ya njano ya kawaida. Nikatandaza leso juu ya sola. Nikamwambia kakangu awashe injini asiizime mpaka nimwambie, na awashe feni zote mbili na friji iwe kwenye baridi ya mwisho, ili kuwe na mzigo. Mbele 14.1. Nyuma, kwenye vichwa viwili vya betri, 12.2. Kwa hivyo kuna karibu volti mbili zinapotea njiani na njia ni mbili, ya kwenda na ya kurudi.

Nikatia ncha moja ya mita kwenye kichwa cha hasi cha betri ya nyuma, ncha ya pili nikaikandamiza kwenye chuma cha bodi, pahali nilipokwangua kwa kisu mpaka kikawa cheupe. Hapo palitakiwa pasome sifuri au karibu na sifuri, kwa sababu hasi na bodi ni kitu kimoja, zimeunganishwa na kawaya kafupi hakafiki urefu wa mkono. Ikasoma 1.6.

Niliitazama ile namba muda mrefu. Volti 1.6 zinaliwa na bolti moja.

Nikalala chini ya gari na spana ya 13. Ile bolti ilikuwa moto, si vuguvugu, moto wa kuachia. Nikamwambia kakangu zima, nikachomoa hasi ya betri kwanza, ndo nikafungua. Kilichokuwa chini yake ni rangi. Rangi nyeusi, nene, nyororo, inang'aa, haina hata mkwaruzo, na juu yake alama ya duara ya kile kichwa cha waya, upande mmoja imeungua ikawa kahawia. Mwezi wa tatu tuliipeleka gari ikapigwa dawa nyeusi ya kuzuia kutu chini yote, kwa ajili ya hiyo hiyo chumvi ya bahari, na nililipa kwa roho safi nikijua naitunza. Walifungua ule waya wapige dawa vizuri, wakamaliza, wakaurudisha juu ya dawa wakaukaza. Stima yote ya kurudi ilikuwa inapitia kwenye hesi za bolti peke yake. Walichofanya ni kazi safi ukiitazama kwa macho.

Kwa hivyo makosa yalikuwa mawili, moja la chumvi na lingine la dawa ya chumvi, na lile la kwanza kubwa lilikuwa limefunika la pili. Kama nisingeona betri zinapanda polepole njiani ningekaa nikiamini Ami amemaliza yote na baada ya miezi michache ningeenda kununua betri nyingine tena.

Nikapiga msasa ile duara mpaka chuma kikawa kama kioo, kubwa kuliko kichwa cha waya, nikakisugua na kichwa chenyewe pande zote mbili, nikaweka wosha ya meno ile inayouma chuma, nikakaza. Chuma kwa chuma, hakuna kitu katikati. Ndo nikapaka grisi kwa juu na pembeni nikifunika yote. Wengi wanapaka grisi kabla ya kukaza, wanadhani inasaidia. Mimi nataka vyuma vishikane kwanza, grisi ni koti la mvua.

Kuwasha: hasi na bodi, 0.04. Betri za nyuma zikaruka mpaka 13.3 na zinapanda.

Hapo wengine wangefunga kitanda wakaenda kula. Lakini mbele ni 14.1 na nyuma 13.3, bado 0.8 imepotea, na sasa nilikuwa na mita na nilikuwa na hamu. Nikapima chanya na chanya, ncha moja kwenye betri ya mbele nyingine kwenye ya nyuma kwa waya mrefu niliouunga, nikakuta karibu yote iko huko, imetawanyika njia nzima, haiko pahali pamoja. Huo ni waya wenyewe kuwa mwembamba. Waliotutengenezea gari walipitisha waya wa milimita 6 za mraba, urefu wa mita 6. Shaba ya unene huo kila mita ina omu kama 0.003, kwa mita 6 ni kama 0.018, na ukipitisha ampia 40 unapoteza volti 0.7 na kitu. Ndo hiyo niliyoiona. Ukiweka waya wa milimita 25 za mraba, kwa ampia zile zile unapoteza chini ya 0.2. Betri ya asidi inataka ipate 14 na zaidi kidogo ndo ijae, ukiipa 13.3 itakaa nusu nusu miaka yote, na betri inayokaa nusu nusu inaota salfeti ngumu kwenye sahani zake na nguvu hairudi tena.

Nikabadilisha waya. Kwenye kununua kuwa macho, kuna waya mnene unauzwa bei rahisi, kwa nje ni shaba, ukiukata na kukwangua unywele mmoja kwa wembe ndani ni mweupe, ni aluminiamu imepakwa shaba. Haubebi sawa na kwa hewa yetu ya chumvi unaoza haraka sana. Nilikwangua mbele ya mwenye duka na hakukasirika, akaniletea mwingine. Na fyuzi ziwe mbili, moja karibu kabisa na betri ya mbele na moja karibu na za nyuma, kwa sababu waya huu una betri kila upande, ukikwaruzwa katikati ukagusa bodi utalishwa moto kutoka pande zote mbili na wewe umelala juu yake. Hili sitanii nalo. Nimeona gari zimepitishiwa waya moja kwa moja bila fyuzi hata moja na familia inalala ndani.

Mara ya mwisho kupima baada ya waya mpya, injini ikinguruma bila kukanyaga mafuta: mbele 14.1, nyuma 13.9.

Betri zangu za mwezi wa sita nilizijaza usiku mzima na chaja ya ukutani, nikaziachanisha, nikaziacha zilale bila kuguswa mpaka asubuhi, moja ikasoma 12.7 nyingine 12.5. Hiyo ya pili imeumia kidogo kwa ile miezi ya kukaa na njaa. Bado inafanya kazi lakini naijua.

Tangu nieleze mambo haya kwa wenzangu nimeletewa gari mbili. Moja ilikuwa fyuzi ya nyuma imekatika, dakika tano. Nyingine ni gari ya juzi juzi, ya mgeni anayeishi Watamu, na hiyo ilinipa funzo jipya kabisa, kila kitu kiko safi, nyaya nene, hasi inasoma sifuri, lakini ukishatembea nusu saa altaneta yenyewe inashusha volti mpaka 12.6 na rilei inaachia. Si ugonjwa, gari mpya nyingi kompyuta yake ikiona betri ya mbele imejaa inapunguza altaneta ili kuokoa mafuta, haijui kama kuna betri nyingine nyuma inangoja. Kwa gari kama hiyo rilei ya kusikiliza volti haifai, inataka chaja maalumu inayokaa katikati, inayopokea volti za chini kutoka mbele na kuzipandisha zenyewe kwenda nyuma, na inawashwa na waya wa switchi, si kwa kusikiliza volti. Na betri za lithiamu pia ni hivyo hivyo, usiziunge kwa rilei tupu, zinavuta ampia nyingi kwa muda mrefu mpaka altaneta inaweza kuungua, hiyo chaja inazizuia zivute kwa kiasi. Mimi ya kwangu ni kuukuu, inatoa 14.1 kutwa kucha, rilei inanitosha.

Wiki iliyopita tulipeleka wageni Sala, siku nne, mbili kati yake mawingu. Kila jioni walinitumia picha ya ile saa ya volti bila mimi kuwauliza, kwa vile niliwaambia habari ya nyama iliyooza ya wale wa mwanzo. Picha ya mwisho ilikuwa 12.6 asubuhi, friji usiku kucha imewaka.

Nikampigia Ami kumwambia. Nikamweleza habari ya bolti, na rangi, na 1.6, na 0.04, alisikiliza mpaka mwisho hakunikatiza. Afu akaniuliza swali moja tu, grisi ulipaka kabla ya kukaza au baada? Nikamwambia baada. Akasema haya, nipe mamako.